Asidi ya miguuni inasingiziwa, wachezaji wapeni wali

Dakika ya 78, ubao unasoma bila bila. Winga aliyekuwa anamtesa beki wa kulia tangu filimbi ya kwanza anapokea mpira, anaitazama nafasi iliyo wazi mbele yake, halafu anarudisha nyuma. Jukwaani watu wanazomea. Mtangazaji wa redio anatoa hukumu papo hapo: miguu imejaa asidi. Kesho yake kwenye kijiwe cha kahawa hukumu inakaziwa, na Jumatatu asubuhi kocha anaitekeleza. Vijana wanazungushwa uwanja raundi ishirini ili "watoe asidi".

Hukumu hiyo ina umri wa karibu miaka mia moja. Mshitakiwa ni laktati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la asidi ya laktiki. Kila aliyecheza hata mchangani ameshaambiwa kwamba ndiyo inayochoma mapaja, ndiyo inayokaza misuli, ndiyo inayomfanya mtu ashuke ngazi kinyumenyume siku mbili baada ya mechi. Ushahidi wa kesi hii ulikuwa wa chura, ukaanza kubomoka mwaka 1930, na kila ulipopimwa upya umezidi kubomoka. Lakini kwenye viwanja vya mazoezi kesi haijafutwa, na wanaotumikia kifungo ni wachezaji.

Jina lenyewe limetoka kwenye maziwa. Mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, ndiye aliyeipata asidi hii mwaka 1780 ndani ya maziwa yaliyochacha. Ni ile ile inayoupa mtindi ukali wake. Mtu anayeshushia ugali kwa mtindi kila jioni anaimeza kwa vikombe, na bado hajasikika akilalamika kwamba mapaja yamekaza. Karibu miaka thelathini baadaye mkemia mwingine wa Sweden, Berzelius, akaikuta kwenye misuli ya kulungu waliokuwa wamekimbizwa na wawindaji. Hapo ndipo uvumi ulipoanzia: mnyama amekimbia, amechoka, asidi ipo, basi asidi ndiyo iliyomchosha.

Mwaka 1907, pale Cambridge, Fletcher na Hopkins walichukua miguu ya chura iliyokatwa, wakaishtua kwa umeme mpaka ikagoma, wakapima. Asidi ya laktiki ilikuwa imejaa. Walipoiweka misuli hiyo kwenye oksijeni, asidi ikapungua na misuli ikapata nafuu. Ilikuwa kazi nzuri sana kwa wakati wake. Baadaye Mwingereza Archibald Hill na Mjerumani Otto Meyerhof wakaendelea na mambo ya joto la misuli, oksijeni na asidi hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Ukishapewa Nobel, nani atakubishia? Wazo likatoka maabara, likaingia kwenye vitabu vya makocha, likaweka kambi huko mpaka leo.

Sasa ebu mtu auangalie vizuri mguu wa chura uliokatwa. Hauna damu inayopita. Hauna moyo wa kusukuma wala ini la kupokea. Kinachozalishwa mle kinabaki mle mle, kama maji ya mvua kwenye mtaro ulioziba. Winga wa dakika ya 78 ana damu inayozunguka kwa kasi kubwa, ana mapafu yanayofanya kazi, ana ini na ana moyo. Kumsomea majibu ya chura ni sawa na kupima joto la Dar es Salaam kwa kuweka kipimajoto ndani ya friji.

Na chura mwenyewe hakumaliza muongo bila kubadili ushahidi. Mwaka 1930, Mdenmark Einar Lundsgaard aliipa misuli sumu inayozuia kabisa utengenezaji wa asidi ya laktiki. Kwa hesabu za wakati ule misuli ile isingeweza hata kujikunja. Ikajikunja vizuri tu, tena mara nyingi, kisha ikachoka na kukakamaa bila asidi ya laktiki ndani yake. Hill hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Mwaka 1932 aliandika makala akayaita matokeo hayo mapinduzi katika elimu ya misuli. Yaani aliyepewa tuzo alisoma upepo na kuhama, ila mashabiki wake wamebaki jukwaani wakiimba wimbo wa zamani.

Ukitaka ushahidi wa binadamu, upo tangu 1951. Daktari mmoja wa London, Brian McArdle, alieleza habari za kijana ambaye misuli yake ilikuwa inauma na kukaza akifanya kazi kidogo tu. Walipompima damu baada ya mazoezi, laktati haikupanda. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina lake. Wenye nao hawawezi kuvunja akiba ya wanga iliyo kwenye misuli, kwa hiyo hawatengenezi laktati wanapojituma. Kama laktati ndiyo inayochosha, watu hawa wangekuwa wanakimbia mpaka jogoo awike. Badala yake ndio wanaochoka mapema kuliko wote, na misuli yao ndiyo inayokaza vibaya zaidi.

Basi laktati inafanya nini mwilini? Mchezaji anapochomoka ghafla, misuli inahitaji nguvu sasa hivi. Inavunja glukosi haraka haraka kuliko mitambo ya oksijeni inavyoweza kumalizia kazi. Kinachobaki nusu njia ni laktati. Zamani ilihesabiwa kuwa takataka. Profesa George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza katika miaka ya 1980 kuonyesha kuwa takataka hiyo ni mafuta. Msuli mmoja unaitoa, msuli wa jirani unaipokea na kuichoma. Moyo unaipenda sana, na wakati wa mazoezi makali unaitumia kama chakula. Ubongo nao unaila. Inayobaki inakwenda kwenye ini, inageuzwa kuwa glukosi tena na kurudishwa mzigoni, njia ambayo Carl na Gerty Cori waliieleza mapema, wakapata Nobel yao mwaka 1947.

Kwa lugha ya uwanjani, laktati ni kiungo mkabaji. Inakimbia huku na huko ikisambaza mipira, na timu ikifungwa inalaumiwa yeye kwa sababu alikuwepo karibu na tukio.

Kuna jambo lingine la kushangaza zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Aarhus, Denmark, walichukua misuli ya panya iliyodhoofishwa na potasiamu iliyojikusanya nje ya seli, kitu kinachotokea kweli mtu anapotumia misuli kwa nguvu. Walipoiongezea asidi ya laktiki, sehemu kubwa ya nguvu ikarudi. Ni misuli ya maabara tena, kwa hiyo haifai kushangilia kupita kiasi, lakini angalau kwa mara moja mshitakiwa alionekana akimsaidia majeruhi.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia, maana kesi ya asidi si ya uongo asilimia mia. Mtu akikimbia mita 400 kwa nguvu zote, ndani ya msuli asidi inapanda kweli, na wakimbiaji wanaokunywa baking soda kabla ya mbio za namna hiyo wakati mwingine wanapata nafuu kidogo (na wakati mwingine wanapata tumbo la kuhara, ambalo nalo linaongeza mbio). Wataalamu bado wanabishana asidi hiyo inatokea hatua gani na inapunguza nguvu kiasi gani. Majaribio mengi ya zamani yalifanywa kwa misuli iliyopoozwa. Yaliporudiwa kwenye joto linalokaribia la mwili, madhara ya asidi yakapungua sana. Kisha mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Utah kilifanya jambo la kijasiri: kiliwadunga watu dawa kwenye msuli wa kidole gumba. Laktati peke yake, hakuna kitu. Asidi peke yake, hakuna kitu. ATP, ile sarafu ya nguvu ya seli, peke yake nayo kimya. Vyote vitatu vikichanganywa, watu wakaanza kusema kidole kimechoka, na dozi ilipopandishwa wakasema kinauma. Kwa hiyo ule moto wa mapajani ni kengele inayopigwa na kundi zima. Laktati ina mkono kwenye kamba ya kengele, lakini kengele haichomi nyumba.

Sasa mpira wenyewe, maana mita 400 si dakika 90.

Mwaka 2006 Peter Krustrup na wenzake wa Copenhagen, akiwemo Jens Bangsbo aliyewahi kufanya kazi kwenye benchi la ufundi la Juventus, walitoa utafiti ambao ungepaswa kubandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo. Waliwachukua wachezaji 31 wa daraja la nne Denmark, wakacheza mechi tatu za kirafiki, na katikati ya mechi wakawa wanawatoa damu na vipande vidogo vya msuli wa paja. Laktati kwenye damu ilikuwa wastani wa milimoli 6 kwa lita kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili, ambacho kila mtu amechoka, ikawa 5. Imeshuka! Kasi ya wachezaji nayo ilishuka, lakini haikuendana na laktati ya kwenye misuli wala na asidi yake. Anayesema winga wa dakika ya 78 amejaa laktati anasema kitu ambacho vipimo vinasema kilikuwa kingi zaidi wakati jamaa bado anapasua.

Kilichoonekana kwenye vile vipande vya msuli ni kingine. Baada ya mechi, karibu nusu ya nyuzi za msuli, asilimia 47, zilikuwa zimeishiwa au zimekaribia kuishiwa glaikojeni. Glaikojeni ni wanga uliohifadhiwa msulini, yaani wali, ugali, ndizi na viazi vya jana vilivyowekwa akiba. Fikiria basi la abiria 50 ambalo 23 kati yao wameshuka njiani. Basi bado linaonekana linakwenda, lakini kwenye kilima ndipo utajua nani wa kusukuma hayupo. Mchezaji anaweza kutembea, kupasi, hata kukimbia mbio za wastani. Akitaka kuchomoka, zile nyuzi zenye kasi haziitiki.

Habari hii nayo si mpya. Mwaka 1973 Msweden Bengt Saltin alionyesha kuwa wachezaji walioanza mechi na akiba ndogo ya glaikojeni walikimbia umbali mdogo zaidi na kutembea zaidi kuliko wenzao walioanza na akiba ya kutosha. Miaka zaidi ya 50 imepita. Mchezaji anaingia uwanjani saa 10 jioni akiwa amekula chai na maandazi mawili asubuhi, halafu dakika ya 70 anaitwa mvivu.

Glaikojeni haiko peke yake. Kwa uchovu wa muda mfupi, ule wa kukimbia mara tatu mfululizo ukashindwa ya nne, wengi sasa wanaitazama fosfeti inayomwagika pale akiba ya haraka ya kreatini inapovunjwa, inayoingilia kazi ya kalsiamu, na bila kalsiamu kutoka sawasawa msuli haupati amri ya kujikunja. Potasiamu nayo ipo. Lipo joto, na anayecheza Dar es Salaam mwezi Februari hahitaji kuelezwa. Kuna maji yaliyopotea kwa jasho, na kuna ubongo, ambao ukiona hatari unapunguza gia bila kumwomba mwenye mwili ruhusa. Uchovu una wahusika wengi. Asidi imebebeshwa peke yake kwa sababu ina jina rahisi kulitamka hewani.

Yangekuwa maneno ya kijiweni tu, hakuna ambaye angepoteza usingizi. Ubaya wake unaonekana Jumatatu.

Timu imecheza Jumapili. Jumatatu wachezaji wanaumwa mapaja, Jumanne ndiyo zaidi. Kocha anasema ni asidi, inatakiwa itoke, na njia ya kuitoa ni jasho. Ufukweni, mchangani, mbio za kupandisha kilima, kubebana mgongoni. Lakini laktati iliyopanda kwenye mechi hurudi karibu na kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi, hata mtu akikaa tu kwenye benchi akinywa maji. Kukimbia taratibu kunaiondoa haraka zaidi, sawa, lakini kufikia wakati basi limeondoka uwanjani hakuna tena cha kuondoa. Jumatatu asubuhi anatafutwa mwizi aliyeondoka mjini tangu Jumapili jioni.

Maumivu ya siku ya pili na ya tatu ni majeraha madogo madogo ya nyuzi za msuli na uvimbe unaofuatana nayo. Yanaletwa hasa na kufunga breki, kutua baada ya kuruka, kugeuka ghafla, kushuka mteremko. Watafiti waliwahi kuwakimbiza watu kwenye mteremko, zoezi ambalo halipandishi laktati ya maana, na watu wakaumwa vibaya siku zilizofuata. Waliokimbia tambarare wakapandisha laktati, wasiumwe. Hapo ndipo kocha anayempandisha na kumshusha kilima mchezaji mwenye maumivu anapotakiwa kujiuliza anatibu au anaongeza.

Kuchua misuli kumeponzwa na hadithi hii hii. Mchua misuli wa timu anafanya kazi ya maana, wachezaji wengi wanajisikia wepesi baada ya mikono yake, na hilo halihitaji kuhalalishwa kwa asidi. Watafiti wa Canada walipopima mwaka 2010 waligundua kuwa kuchua mara baada ya mazoezi kulipunguza kasi ya damu kuondoa laktati. Mchua misuli aendelee na kazi yake, maelezo tu ndiyo yabadilike.

Kujaza upya glaikojeni baada ya mechi kunachukua siku mbili mpaka tatu, na hiyo ni kwa mtu anayekula wanga wa kutosha na kulala. Mchezaji wa Jumapili anayekimbizwa Jumatatu anachota kwenye debe ambalo halijajaa. Jumatano anacheza tena. Katikati kuna safari, na kwa klabu zisizo na pesa za ndege safari maana yake ni basi, Dar es Salaam mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, magoti yamekunjwa, chakula ni chipsi za njiani. Halafu siku ya mechi kocha wa viungo anasema vijana hawana stamina. Misuli ya nyuma ya paja huchanika zaidi kuelekea mwisho wa kila kipindi, pale uchovu unapokuwa mkubwa, na mchezaji aliyechanika anakaa nje wiki kadhaa. Kwa mwenye mkataba wa mwaka mmoja, wiki hizo zinatosha kumpoteza namba na mkataba pia.

Wachezaji wakubwa angalau wana sauti. Wanaoumia kimya ni watoto wa akademia, wale wa miaka 15 na 16 wanaotoka nyumbani bila kunywa chai, wanafanya mazoezi asubuhi na jioni, na wakilegea wanapewa raundi kumi za adhabu kwa jina la kutoa asidi. Wapo waliokatwa kwenye timu kwa maneno mawili tu, "hana pumzi". Hakuna aliyewauliza wamekula nini.

Utetezi wa makocha unajulikana: klabu haina bajeti, mambo ya glaikojeni ni ya Ulaya. Bajeti ni kisingizio kinachokubalika kwenye mashine za kupimia laktati, zile za kutoboa sikio au kidole, ambazo zina faida yake kwa anayejua kuzisoma, kama fundi anavyosoma moshi wa gari kujua injini inazungukaje. Kwenye sahani ya wali kisingizio hicho hakisimami. Timu inayoweza kulipa faini za utovu wa nidhamu msimu mzima inaweza kupika sufuria la wali na maharage, kuweka mkungu wa ndizi kwenye basi, na kuhakikisha kila mchezaji anakula kabla hajafika kwao. Nyanya za wachezaji hawa wamekuwa wakifanya hivyo kwa vijana waliotoka shamba bila kusoma hata ukurasa mmoja wa Krustrup.

Kocha mwenye kutaka kufanya kitu Jumatatu afanye kidogo: nusu saa ya kutembea na kukimbia taratibu, mpira wa kugusana, kunyoosha, kucheka. Waliokaa benchi wapewe mazoezi yao makali, maana wao akiba yao bado imejaa. Na tangu sheria ya wachezaji watano wa akiba ilipoanza mwaka 2020, ikawa ya kudumu mwaka 2022, hakuna sababu ya winga kuachwa uwanjani mpaka azomewe wakati mwenzake anapasha misuli moto tangu dakika ya 50.

Mtangazaji naye ana kazi. Dakika ya 78 winga akirudisha mpira nyuma, aulize tu hewani huyu kijana mara ya mwisho amekula saa ngapi, na basi lao limeingia mjini lini. Meneja wa timu atakuwa anasikiliza.